Haki ya Kusindikizwa

Nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa wafanyakazi wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, watu wakiwa wamesimama na sahani za maharagwe mikononi. Mwakilishi aliyekuwapo kabla yangu, mhudumu wa baa, alikuwa amepandishwa cheo akawa msimamizi, na msimamizi hawezi kuwasemea wafanyakazi mbele ya wakubwa ambao yeye mwenyewe sasa ni mmoja wao. Nafasi ikabaki wazi na hakuna aliyeitaka. Katibu wa chama cha wafanyakazi, aliyekuja kutoka ofisi yao ya Ukunda, aliuliza nani atajitolea, na kila alipouliza watu walizidi kuziinamia sahani zao. Ndipo mwanamke niliyekuwa nikifanya naye kazi kwenye mashine ya pasi akanyoosha mkono, akanionyesha mimi.

"Huyu ana mdomo," alisema, "na mdomo wake hauna matusi."

Watu walicheka, wakainua mikono, na mambo yakaisha. Nilirudi kwenye mashine nikiwa shopstiwadi, kama tunavyoitwa, na sikujua hata jambo la kwanza ninalopaswa kufanya.

Mwanamke huyo nilimwita dada. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, Mduruma wa upande wa Kinango, mjane na Mkristo, na alikuwa katika chumba kile tangu hoteli ilipokuwa mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Mimi ni Mdigo wa Msambweni. Lugha zetu ni ndugu. Yeye alisema yake, mimi nikasema yangu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umesemaje. Mashine yetu ilikuwa roli refu la chuma lililotiwa moto kwa mvuke. Shuka mbichi hulishwa kwa mbele, na nyuma hupokelewa ikiwa kavu na imenyooka. Mbele kuna joto la kumkata mtu pumzi, nyuma kuna dirisha. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, dada alinitoa mbele bila kuniuliza, akasimama yeye pale hadi Idi, na mimi nikawa nikipokea shuka upande wa dirisha. Nilipojaribu kumshukuru alinituma nikalete kikapu cha foronya.

Chama kilitupeleka semina katika ukumbi mmoja karibu na Kona ya Musa, ambako kelele za makanga wakiita abiria wa matatu ziliingia madirishani na kumlazimisha mwalimu arudie maneno yake. Sikujali kurudiwa. Alitueleza kwamba mwakilishi ana haki ya kupewa nafasi kazini ya kushughulikia mambo ya wenzake, na kwamba hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya kazi hiyo. Alitueleza wajibu pia: umsikilize kila mwanachama, hata yule usiyesalimiana naye, siri zake uzihifadhi, usiahidi usichoweza kukitimiza, usiwatoe watu kazini kwa mgomo kabla mazungumzo hayajashindikana. Na mfanyakazi akiitwa kujibu mashtaka, ana haki ya kusindikizwa na mwenzake au na mwakilishi wake, asikae peke yake mbele ya wakubwa. Hapo mwalimu alitia mkazo. Haki hiyo ni ya mfanyakazi, alisema, si ya mwakilishi. Niliandika maneno hayo bila kuyatilia maanani sana. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wanaosoma sekondari, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna jambo ni haki yangu nje ya mambo ya dini na ya mirathi. Nilirudi Msambweni jioni ile nikiwa na furaha, nikamweleza mume wangu yote, naye akanisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

Mbele ya roli la mashine yetu palikuwa na bapa jembamba la chuma. Vidole vya mtu vikiligusa, mashine husimama papo hapo. Lilikuwa limekuwa jepesi mno, hata shuka ikijikunja kidogo mashine ilizimika, na kuiwasha tena kulichukua muda. Msimu wa wageni ulipokaribia, fundi alilifunga bapa lile kwa waya, likatulia. Kazi ikaenda mbio. Mkuu wa kitengo alifurahi.

Niliupeleka waya ule kwenye kikao chetu cha kila mwezi na wakubwa. Nilieleza kwa adabu kwamba bapa lile ndilo linalotulinda mikono, na kwamba limefungwa. Meneja, mtu mpole aliyezoea kutuamkia kabla hatujamwamkia, aliniambia nimefanya vizuri kulileta jambo hilo, na kwamba fundi mkubwa ataitwa kutoka Mombasa. Likaandikwa. Kikao kilichofuata nikaliuliza tena, nikaambiwa fundi huyo ana kazi nyingi upande wa kaskazini. Kikao kilichofuata hapo kiliahirishwa, kwa sababu hoteli ilikuwa imejaa.

Dada aliumia katika siku hizo za kujaa. Kulikuwa na mkutano wa watu wa bara, vyumba vyote vimechukuliwa, na wasichana wawili wa chumba chetu walikuwa wamehamishwa kwenda kusaidia kutandika vitanda. Dada alikuwa akilisha shuka peke yake, akikimbia kutoka pembe moja hadi nyingine, na mimi nilikuwa nyuma nikipokea. Niliona shuka ikija imekunjamana upande mmoja. Hakupiga kelele. Aliniita tu, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe kitu.

"Mdogo wangu, zima."

Nilikimbia kuizima. Roli liliposimama mkono wake wa kulia ulikuwa ndani hadi kwenye vifundo, na ilibidi fundi aje alilegeze ndipo utoke. Muda wote huo dada alikuwa amesimama, paji la uso wake likiegemea kwenye bega langu, akitaja jina la Yesu polepole. Mimi nilikuwa nikisoma dua zangu. Harufu ile sitaieleza.

Alilazwa Msambweni. Kwetu si mbali na hospitali, kwa hivyo kila jioni nilipotoka kazini nilimpelekea uji, au wali na samaki, nikamlisha, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa haujazoea kijiko. Madaktari waliuokoa mkono wenyewe, ila vidole vitatu vilibaki vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kitu kidogo asichotaka kukiachia. Tulizungumza juu ya wajukuu wake, ambao alikuwa akiwalea huko nyumbani, na juu ya ukame. Maji yalikuwa yakinunuliwa kwa mitungi, na binti yake alikuwa akipiga simu kila mara kuuliza. Juu ya mashine hatukuzungumza sana. Nilimwambia tu kwamba jambo lake ni jepesi, kwa maana ya kuwa ukweli wake uko wazi: waya upo, watu wameuona, na mimi nilikuwa nimelisema mapema na likaandikwa. Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani amekubali.

Aliporudi kazini, mkono ukiwa bado na bandeji, alikuta ameitwa kwenye kikao cha nidhamu. Shtaka lilikuwa kwamba amekiuka taratibu za usalama na kujisababishia madhara. Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, na nakumbuka kwamba nilitabasamu. Niliona wamejiweka pabaya. Nilikwenda kwa fundi kumuomba aje aseme tu kwamba waya aliufunga kwa kuagizwa. Fundi alinijibu kwa upole kwamba yeye si mwajiriwa wa hoteli bali wa wakala, na kwamba mwezi ujao wakala anaweza kumleta fundi mwingine. Akaniomba nisimtaje. Nilimpigia katibu wa chama simu, akaniambia nina kesi nzuri, nishikilie yale yale yaliyoandikwa kwenye vikao. Siku ya kuamkia kikao nilikaa na dada kwenye ngazi za nyuma tukapitia maswali. Watakuuliza hili, wewe sema hili. Watakuuliza kwa nini ulikuwa peke yako, waambie waliowaondoa wenzako ni wao. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayesubiri mvua ikatike.

Kikao kilikuwa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, penye ubaridi wa kiyoyozi. Meneja alikuwapo, na mkuu wa kitengo chetu, na ofisa wa wafanyakazi, mwanamke mchanga wa bara aliyevaa vizuri na kuongea kwa heshima. Tulisalimiana wote. Nilikuwa nimevaa buibui langu la Idi juu ya nguo za kazi. Ofisa alimsomea dada shtaka lake, kisha akaongeza kwamba kwa mujibu wa sheria ana haki ya kusindikizwa na mtu anayemtaka. Je, angependa mwakilishi aliyeko hapa abaki?

Dada aliutazama mkono wake. "Hapana," alisema. "Nitazungumza mwenyewe."

Nilidhani hakulielewa swali. Nilimwinamia nikamuuliza kwa lugha yetu kama amesikia alichoulizwa. Ofisa aliniomba nitumie Kiswahili ili kila mtu aelewe. Dada hakuningoja nirudie.

"Nimesikia, mdogo wangu. Toka nje, tafadhali."

Nilitoka. Hapakuwa na jambo lingine la kufanya. Haki ilikuwa yake, na alikuwa ameitumia. Nje ya mlango palikuwa na kochi la wageni, ambalo sisi hatukai, kwa hivyo nilisimama karibu na chungu cha maua. Msichana wa mapokezi aliniuliza kama nangoja mtu. Kupitia mlangoni nilisikia sauti ya dada kidogo, na sauti ya meneja, na mara moja kicheko kifupi, cha watu waliopata nafuu. Haukupita muda mrefu. Alipotoka alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia, akaanza kukunja taulo kwa mkono wa kushoto.

Habari nilizipata kwanza kwa ofisa mwenyewe, ambaye aliniita na kunieleza kwa uungwana. Mfanyakazi amekubali kwamba hakuwa mwangalifu. Uongozi umemwonea huruma kwa sababu ya utumishi wake wa muda mrefu. Atapewa onyo, gharama za hospitali zitabebwa na hoteli, na atapewa kazi nyepesi. Alisema anatumaini mimi nitafurahi, kwa sababu mwanachama wangu hakufukuzwa.

Dada alinieleza yeye mwenyewe baada ya siku kadhaa, tukiwa tumekaa kwenye ngazi zile zile. Ofisa alikuwa amemtembelea hospitalini, mchana, saa ambazo mimi niko kazini. Alimpelekea matunda na kanga mpya. Alimwambia kwamba mambo yakiingiliwa na chama huwa makubwa, huenda kwa mawakili na hukaa miaka, na muda wote huo mtu huwa nyumbani. Lakini yakizungumzwa kifamilia huisha. Hakumtisha. Dada alisisitiza jambo hilo, kwamba mtoto wa watu hakumtisha.

"Wewe ulitaka ile mashine iandikwe," aliniambia. "Mimi nilitaka nirudi kazini Jumatatu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, tukiwa hospitalini. Alisema alikuwa anajua ningemshawishi, na kwamba pengine ningekuwa na haki, na yeye hakuwa na nafasi ya mtu mwenye haki kumshawishi. Kisha aliniuliza kama mume wangu amepona kikohozi. Nikamjibu amepona.

Sikumchukia. Ningependa kusema hivyo kwa sababu wako waliodhani nilimchukia. Nilichokuwa nacho ni kitu kama kile kinachompata mtu aliyebeba mzigo, akageuka na kukuta mgongo mtupu, na bado anatembea ameinama.

Nilijaribu kuendelea na suala la waya bila yeye. Katibu wa chama alinisikiliza, kisha akaniambia kwa masikitiko kwamba bila maneno ya aliyeumia jambo limekuwa jembamba. Kwenye kikao cha mwezi nililileta tena, na meneja akasoma kwenye karatasi kwamba chanzo cha ajali kimeshapatikana, na mhusika mwenyewe amekiri. Hakusoma kwa kejeli. Aliniuliza kama nina jambo jingine. Wasichana wawili walirudishwa kwenye chumba chetu wakaanza kulisha shuka mbele ya bapa lililofungwa. Niliwaambia wana haki ya kukataa kazi ya hatari. Mmoja aliniuliza kama nina uhakika hatafukuzwa. Nilikuwa nimefundishwa nisiahidi. Nikamwambia sina uhakika, ila nitasimama naye. Aliniangalia, akashika pembe ya shuka.

Hapo ndipo mambo ya chama yalipoanza kumeguka, na hayakumeguka kwa kishindo. Watu walikuwa wameona: mwenzao alikwenda peke yake, akarudi na kazi yake. Mtunza bustani aliyeitwa kwa kosa la kuchelewa alikwenda peke yake. Mpishi wa keki alikwenda peke yake. Wengine walipona, na mmoja alifukuzwa asubuhi ile ile, tena kwa kosa dogo ambalo ningeweza kulibishania, lakini hilo halikuhesabiwa dhidi ya njia yenyewe. Walisema bahati yake ilikuwa mbaya. Wale walioacha kazi wenyewe au kustaafu, nafasi zao zilijazwa na watu wa wakala, ambao hawakuwa na ruhusa ya kujiunga nasi na mikataba yao ilikwisha kabla hujajua majina yao. Nilikuwa nikipita wakati wa chakula kuwasalimia, na mazungumzo yalikuwa yakipungua nilipofika mezani. Hawakunichukia. Walikuwa wakinionea haya, kama unavyomwonea haya mtu anayekuuzia kitu usichotaka kununua.

Kisha hoteli ikaamua kukifunga chumba cha kufulia. Shuka zitapelekwa kwa kampuni moja ya Ukunda yenye mashine mpya. Niliitwa na kujulishwa mapema, kama sheria inavyotaka, na ofisi ya kazi pia ikajulishwa. Nilikaa kwenye vikao vyote. Nilipigania wakongwe waangaliwe kwanza, na katibu wa chama alikuja akapigania pamoja nami, na tulisikilizwa hadi mwisho wa kila sentensi. Kipimo kilikuwa muda wa utumishi, ujuzi, uwezo wa kufanya kazi nyingine, na rekodi ya nidhamu. Dada alikuwa na muda mrefu kuliko sote. Lakini alikuwa pia na mkono ule, na lile onyo.

Nilisema katika kikao kwamba mkono ule uliumizwa na mashine yao. Ofisa alifungua faili, akaisukuma mbele yangu taratibu, akaniachia nisome mwenyewe.

Katika chumba kizima cha kufulia, aliyebakishwa ni mimi. Nilihamishiwa kwenye kutandika vyumba. Katibu alinieleza sababu bila kunizunguka: wakiniondoa mimi, chama kitasema wamenionea kwa ajili ya uwakilishi, na wao hawataki kelele hiyo. Haki ile niliyofundishwa kule ukumbini, kwamba mwakilishi haguswi kwa kazi yake, ilifanya kazi sawasawa. Ilinikinga mimi. Wale wasichana wawili waliniona nimevaa sare mpya ya vyumbani, na mmoja alikuwa na wifi yake jikoni, na kupitia kwake nilisikia kwamba nimenunuliwa. Nilitaka kwenda kumweleza. Mume wangu aliniuliza nitamweleza nini. Nilipokaa nikatafuta maneno, kila nililolipata lilikuwa la mtu aliyenunuliwa.

Siku ya mwisho dada alikusanya vitu vyake: kanga, kikombe cha bati, viatu vya kusimamia, picha ya wajukuu aliyokuwa ameibandika ndani ya kabati lake. Alinipa mfuko nimsaidie kuufunga, kwa sababu fundo lilimshinda. Nilimsindikiza hadi lango la wafanyakazi. Mlinzi aliupekua mfuko, maana kila mfuko unaotoka hupekuliwa, akakunjua kanga moja baada ya nyingine, na dada alisimama akingoja bila kukasirika. Nilimwambia kwamba ningeweza kukataa, kwamba nimefikiria kuacha kazi pamoja nao.

"Usifanye upuuzi," alisema. "Watoto wako wanasoma."

Tuliagana kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda kumtembelea Kinango mara moja, wakati wa likizo yangu. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na binti yake aliniambia nitamkuta huko. Alikuwa amekaa nyuma ya jiko la mkaa akiuza chai na mahamri kwa wachuuzi wa mbuzi, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akakataa nisimsaidie. Niliona jinsi alivyojifunza kumimina: alikibana kikombe kwa vile vidole vilivyokunjwa, akainua birika kwa kushoto. Chai nyingine ilimwagika. Wachuuzi walikuwa wamezoea, waliokota vikombe vyao bila kuangalia. Tulizungumza juu ya bei ya maji na juu ya mjukuu mkubwa aliyeacha shule akaenda kuchunga ng'ombe za watu. Nilitaka aniulize jambo, lolote, juu ya hoteli. Mwishoni aliniuliza.

"Bado ni wewe mwakilishi?"

"Bado."

"Wengine hawataki?"

"Hawataki."

Aliniambia niondoke mapema, magari ya kurudi hupungua alasiri. Sijarudi tena. Si kwamba niliapa kutorudi. Kila likizo inapofika napata sababu, na naamini yeye pia akinikumbuka anashukuru kwamba nimepata sababu.

Chama chetu pale hotelini sasa kinakaribia kupoteza haki ya kutambuliwa, kwa sababu sheria inataka tuwe zaidi ya nusu ya wale wanaoweza kujiunga, na hesabu hiyo inatukimbia. Mwezi uliopita mpishi mmoja alinisimamisha kwenye korido ya vyumba vya juu, nikiwa nasukuma kigari changu cha taulo na sabuni. Ni kijana wa bara, mchapakazi, mwenye mke mjamzito, na alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa bado wanahudhuria mikutano. Alisitasita, akanisalimia mara mbili. Kisha akaniambia kwamba anataka kujitoa kwenye chama, kwamba amesikia wanatafuta msaidizi wa mpishi mkuu na hataki jina lake liwe pale wakati wanachagua, na hajui utaratibu wa kujitoa ukoje. Hakujua amuulize nani.

"Usikasirike, mama," alisema. "Nimeona wewe ndiye unayejua."

Nilimwambia sijakasirika, na kwamba kujitoa ni haki yake. Kumsikiliza mwanachama na kumweleza haki zake ni wajibu wangu, na siku ile bado alikuwa mwanachama. Nilimweleza aandike kwa nani, nakala aipeleke wapi, na kwamba asisahau kuangalia mwisho wa mwezi kama ada imeacha kukatwa. Alikuwa na karatasi mfukoni lakini hakuwa na kitu cha kuandikia juu yake, kwa hivyo nilisogeza taulo upande mmoja nikamwachia sehemu ya kigari. Aliandika akiwa amesimama. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alipofika kwenye sababu aliinua kichwa akaniuliza aandike nini, nikamwambia halazimiki kuandika sababu.

Alinishukuru, akaikunja karatasi, akashuka ngazi za jikoni. Nilikuwa na vyumba vya kumaliza kabla ya saa ya wageni kuingia, na alasiri ile kulikuwa na kikao cha mwezi. Nilihudhuria. Tulikuwa wanne mezani, na wa upande wangu nilikuwa mimi peke yangu. Meneja mpya aliuliza kama mwakilishi ana jambo. Nikalitaja suala la choo cha wafanyakazi wanawake, kilichokuwa hakifungi mlango. Ofisa akaliandika.